Askari Kwenye Picha ya Yaya Consolate

Christophe alinipigia simu asubuhi nikichagua maharage uani, hapa Nyalukemba, mjini Bukavu.

"Mulamu, kaa kwanza chini."

"Nimekaa. Sema."

"Consolate hakuamuka. Nilimuletea chai, nikamukuta amelala vile, mukono chini ya shavu."

Consolate alikuwa dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema hapa, na Christophe ni mume wake, ndiyo maana ananiita mulamu, shemeji. Swali la kwanza lililonitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa hili: "Ni ile ugonjwa?"

"Hapana. Jana alikula, akaimba. Docteur amepita, anasema ni moyo tu ulisimama."

Nililia. Lakini chini ya kilio nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo, na nataka watu wajue kwa nini.

Yaya Consolate aliuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, pale Nguba. Sauti yake ya kuita wateja ndiyo iliyomwingiza kwenye kwaya ya parokia. Mteja akilalamika kwamba samaki ni wadogo, alimjibu: "Papa, hawa iko wanafunzi. Ukiwangoja wapate diplôme, utakufa njaa."

Kisha uvimbe ukamtoka shingoni. Waganga wa hospitali ya hapa walikata kipande, wakasema ni limfoma, kansa ya tezi. Dawa za kwanza hazikusaidia. Mwanawe Pascal, anayefanya kazi Nairobi, akamchukua kwake. Huko walimtundikia dawa nyingine, ambayo haiui kansa yenyewe, bali inaamsha seli za kinga, askari wa mwili, ziende kupigana. Baadaye wakampiga picha inayoitwa PET, akarudi Bukavu kupumzika huku akingoja majibu.

Picha ilifika kabla ya maneno ya daktari. Pascal aliituma kwenye kikundi cha familia, na dada yake Tatiana akaiweka kando ya ile ya zamani. Madoa ya shingoni yalikuwa yamepungua. Lakini kwapani na kifuani yalitokea mapya, yanang'aa kama makaa. Hakuna aliyempigia daktari. Kwetu sote doa jipya lilikuwa kansa mpya.

Katika ukoo wetu, mwanamke akijua anaondoka hugawa vitenge vyake mwenyewe, ili mawifi wasigombane kwenye kilio. Papa Théodore, mkubwa wa familia ya Christophe, akasema wiki isipite kabla ya kugawa. Watu wa shirika letu, jumuiya ndogo ya parokia, wakaja na rozari. Padri akampaka mafuta. Kisha Yaya akaketi kitandani, akafungua sanduku, akamwita wifi yake Agnès.

"Agnès, twaa hiki cha maua. Vile uko munene, kitakutosha robo moja tu."

"Yaya, hata leo unanitukana?"

"Unataka nikutukane lini? Kesho sitakuwa na kinywa."

Tulicheka huku tukifuta machozi.

Pascal aliposikia kwamba mama yake amegawa vitenge, alikata simu. Alipopiga tena alikuwa na daktari. Nilishika simu mbele ya Yaya ili wote tusikie.

"Mama Consolate," daktari alisema, "nani amekuambia kansa imeenea?"

"Picha."

"Picha haijui kansa, mama. Tulikudunga sukari yenye alama, na picha inaonyesha mahali sukari hiyo inaliwa sana. Kansa hula sukari. Lakini askari nao, wakiwa vitani, hula. Na dawa yako kazi yake ni kuwaamsha hao askari."

"Basi hawa ni askari?"

"Inawezekana. Inawezekana pia ni kansa. Una nguvu, na madoa ya zamani yamepungua, kwa hiyo nina tumaini. Ila siwezi kuapa kwa kutazama picha. Rudi nikate kipande cha tezi ya kwapani, tukiangalie kwa darubini. Hapo tutajua kama tunaendelea na dawa au tunaibadilisha."

Papa Théodore alikohoa. "Mutu amekwisha kupakwa mafuta. Akifia mu njia, tutamuzika wapi?"

Yaya aliniangalia. "Micheline, nimeshaaga watu. Nikikufa kule, mutalia mara mbili?"

"Padri amesema mwenyewe," nikamwambia, "ile ni mafuta ya mugonjwa, si ya maiti."

Kisha akamgeukia Papa Théodore. "Papa, nikifia mu njia, munizike mu njia. Barabara yetu haikosi mashimo."

Akaenda. Sisi tukabaki na rozari, tukiogopa kila simu iliyolia. Siku jibu lilipokuja, Tatiana alilisoma akiwa amesimama mlangoni: hakuna kansa ndani ya kipande, ni seli za kinga tu. Christophe aliketi kwenye kizingiti, akavua kofia, akaomba maji. Mimi nilianza Baba Yetu nikashindwa kuimaliza.

Dawa iliendelea, na kwenye picha iliyofuata madoa yalikuwa yamezimika. Aliporudi, Yaya alipita kwa mawifi mmoja mmoja akidai vitenge vyake. Agnès alikuwa ameshashona chake. "Basi vaa," Yaya akamwambia, "lakini upite kwangu nicheke."

Mungu alimwongezea miaka. Aliuza sambaza, akamwoza Tatiana, akaimba hata kwenye mazishi ya Papa Théodore.

Baada ya ile simu ya Christophe, tulimzika Yaya kule Mumosho, kwenye shamba la familia ya mumewe. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na wanaume walitandika majani ili wabebaji wasiteleze. Pascal alifika kutoka Nairobi wakati wa misa. Kwaya iliimba taratibu. Hakuna aliyelisogelea jeneza kwa haraka akitafuta kumwambia neno lililobaki. Tulikuwa tumemwambia yote, kisha tukapata muda wa kuishi naye tena. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Christophe alitupa udongo, kisha watoto, kisha mimi. Wanaume wakajaza kaburi, Tatiana akaweka msalaba. Tukanawa mikono, tukapanda gari kurudi mjini.