Besi ya Mtu wa Kusimama Kutwa

Niseme mapema kwamba sijasamehe. Watu wa kanisa wakinisikia nikisema hivyo hutikisa kichwa na kuniuliza moyo wangu uko wapi. Uko pale pale, kifuani, upande wa kushoto, chini kidogo ya bega lililoharibiwa na gitaa lao.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi nilikuwa mlinzi Doha. Si mlinzi wa bunduki, mlinzi wa mlango. Kampuni ilinisimamisha kwenye mlango wa akina mama wa jengo moja la maduka, saa kumi na mbili kwa siku, viatu vyeusi, kofia, redio ya mkononi kiunoni. Kiti kilikuwepo, lakini kilikuwa cha wageni. Ukikikalia msimamizi anakupiga picha, na picha inafika ofisini kabla hujanyanyuka. Tulilala Al Mansoura, wanawake sita chumba kimoja, Wakenya wanne na Waganda wawili. Ijumaa tuliyopata mapumziko tulikwenda kanisani, maana kule Ijumaa ndiyo Jumapili.

Kanisani nilipiga besi, lile gitaa la sauti nzito. Nilijifunzia nyumbani Nakuru, kwa sababu mpigaji aliyekuwepo alioa akaacha, na mchungaji akasema yeyote mwenye vidole ajaribu. Mimi nilikuwa na vidole. Nilipofika Doha nikakuta kikundi chetu kina mpiga ngoma, mpiga kinanda, waimbaji kama kumi, na besi moja nyeusi ya nyuzi tano isiyo na mtu. Iliachwa na ndugu mmoja dereva aliyerudi nyumbani kabisa. Wote waliiita gitaa la kanisa.

Huyo ndugu sikumkuta, lakini mwili wake niliujua kupitia gitaa lake. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mirefu na mgongo wa kubeba magunia. Gitaa lilikuwa zito kama mtungi wa gesi uliojaa. Kufikia noti za mwanzo wa shingo ilibidi nijinyooshe kama mtu anayefunga dirisha la juu. Na hapo nimetoka zamu sita mfululizo za kusimama.

Asiyeimba kwetu hawezi kuelewa. Sifa zetu haziishi. Wimbo mmoja unazaa mwingine, wa Kikamba unaingia wa Kiluo, wa Kiluo unaingia wa Kiganda, dakika arobaini bila kukata. Waimbaji hupokezana. Mpiga kinanda akichoka hushika noti moja, akafumba macho, watu wakadhani ameguswa. Besi haina pa kujificha. Ikinyamaza tu, miguu ya watu inapotea, na kila mtu anageuka kukuangalia wewe.

Nilimwambia mwalimu wa kwaya kwamba gitaa linaniumiza bega. Alikuwa mtu wa kompyuta, mwenye gari lake na familia yake pale pale Doha, mtu anayekaa kwenye kiti chenye magurudumu wiki nzima.

"Vumilia, dada," akasema. "Huduma ni msalaba."

Nilimezea. Ila moyoni nilisema: basi ubebe wewe.

Ndipo nikaamua kutafuta besi yangu mwenyewe, na hapo nikafanya kosa la watu wote wa makambi. Kwenye makazi ya kampuni huruhusiwi kupiga muziki, sembuse kuwasha amplifaya. Kwa hiyo sisi tulikuwa na njia yetu ya kujaribu besi. Unakaa kitandani, unakumbatia gitaa lisilo na umeme, unaegemeza kichwa chake kwenye mlango wa kabati, unapiga. Kabati lote linaimba. Ubao unaivumisha sauti mpaka uisikie kwenye meno. Gitaa ambalo kabati limelipenda, ndilo unanunua. Nilisikia hivyo kwa walinzi, kwa wapishi wa hoteli, kwa madereva, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama kanisani huwa tunapiga tukiwa tumekaa kitandani.

Dereva mmoja wa Umm Salal alikuwa anauza yake, ya rangi ya kahawia, nzuri ya kutamanisha. Akaniachia siku moja nikaijaribu. Niliiingiza chumbani ndani ya blanketi. Nikakaa, nikaiegemeza kabatini, kabati likaimba mpaka Mganda wa kitanda cha juu akachungulia.

"Hiyo ndiyo, nyabo," akasema. "Hiyo usiiache."

Sikuiacha. Ijumaa ile nikasimama nayo mbele za watu, na wimbo wa pili haujaisha nikajua nimeingia mkenge. Kichwa cha gitaa lile kilikuwa kizito kuliko tumbo lake. Ukiachia mkono, shingo inadondoka kuelekea sakafuni. Kumbe kila nilipokaa lilikuwa limelala pajani, na kabati limelishikia kichwa. Sasa mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kutembea kwenye nyuzi, ukawa mbeba mzigo. Dakika ya ishirini vidole vilikufa ganzi. Nikakosea mara tatu, na mwalimu wa kwaya akageuka mara tatu.

"Si heri lile la kanisa?" akaniuliza baadaye, akicheka.

Nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye. Lile la kahawia nilimpa jamaa mmoja wa Muaither aliyekuwa akipigia nyumbani kwake kwenye sofa, na kwake nasikia ni gitaa tamu sana.

Jibu lilinijia kazini, saa ya nane ya zamu, wakati nyayo zinawaka. Nilijitukana pale pale mlangoni, mama mmoja aliyekuwa akiingia na toroli la mtoto akanitazama. Mimi, mtu anayelipwa kusimama, nilichagua kitu cha kusimama nacho nikiwa nimekaa! Nani Doha nzima aliyejua kusimama kuliko mimi? Nilijua kwamba maumivu ya saa ya kwanza ni ya uongo, na ya saa ya tisa ndiyo ya kweli. Nilijua kwamba mwili hauumizwi na uzito peke yake, unaumizwa na uzito unaovuta upande mmoja. Elimu yote hiyo nilikuwa nayo miguuni, na nikaenda kuomba ushauri kwa kabati.

Nikajiwekea sheria. Besi yoyote nitaijaribu nimetoka kazini, na viatu vya kazi miguuni. Nitaivaa, nitaachia mikono yote miwili, nitasimama muda wa sifa nzima. Sauti baadaye.

Mfilipino mmoja aliyekuwa akipiga besi kwenye bendi ya hoteli alikuwa anafungasha kurudi kwao na anauza yake, jengo la pili kutoka letu. Nilishuka kwenye basi la kampuni nikaenda moja kwa moja, na sare yangu. Akaleta kitu kidogo chekundu, shingo fupi, rangi imebanduka pale mkono unapokaa. Nikakivaa, nikasimama kwenye korido yao, mikono chini. Akasubiri. Mkewe akaniletea maji. Mwishowe akaniuliza kwa upole kama sitapiga hata noti moja. Nikamwambia asubiri, na yule bwana, Mungu ambariki, akavuta kiti akasubiri kweli, kama dakika arobaini, akikunja nguo zake na kunitupia jicho.

Bega halikudai kitu. Shingo ya gitaa ilibaki pale nilipoiweka. Ndipo nikapiga. Sauti yake ilikuwa fupi na ya mviringo, haivumi sana, inagonga na kuondoka, na noti za mbali zote nilizifikia bila kujinyoosha. Nililia kidogo, ya nini nifiche, kisha nikamlipa hapo hapo.

Kanisani walicheka. "Sista, hiyo ni yukulele?" "Ilifuliwa kwa maji moto ikanywea?" Mwalimu wa kwaya ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kucheka. Kisha sifa zikaanza, na siku ile tulikwenda zaidi ya dakika arobaini. Hakuna noti niliyoiacha. Nesi mmoja Mkenya, mwimbaji wetu wa sauti ya chini, alinishika mkono akasema, "Leo miguu yangu ilijua pa kwenda." Mwalimu wa kwaya alisema sauti ilikaa vizuri kwa sababu alikuwa amerekebisha spika.

Chumbani sikuweza kuiweka. Msimamizi wa makazi alifanya ukaguzi akaiona, akasema khalas, imetosha, iende hiyo au niende mimi. Nikaomba ikae kwenye stoo ya ukumbi wa kanisa pamoja na spika, na mwalimu wa kwaya akakubali haraka. Wakati huo sikujiuliza kwa nini haraka hivyo.

Halafu kampuni ikabadilisha ratiba, nikawa napata Ijumaa moja nakosa moja. Ijumaa nisizokuwepo alipiga kaka mmoja mhudumu wa hoteli, mgeni mjini. Vizuri, nilifikiri, anapiga lile la kanisa. Mpaka Ijumaa moja mwenzangu akaomba tubadilishane zamu, nikafika bila kutazamiwa. Watu walikuwa bado wanaingia. Yule kaka alikuwa amesimama mbele na besi yangu, mkanda umerefushwa mpaka tundu la mwisho, na nyuma ya gitaa, kwenye wekundu wangu, kulikuwa na karatasi ya gundi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MALI YA KANISA.

Sikuomba ruhusa. Nilipanda, nikachomoa waya. Spika ikapiga mlio, ukumbi wote ukageuka.

"Sikujua ni lako, dada," yule kaka akasema, na alianza kulivua hapo hapo. "Niliambiwa la kanisa."

Nikabandua ile karatasi. Ikatoka na rangi.

Mwalimu wa kwaya akaja mbio, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Dada, hii ni nyumba ya Mungu."

"Na hili ni gitaa langu."

"Ukishaleta kitu madhabahuni ni cha huduma. Mbona unatuaibisha mbele ya wageni?"

"Aliyeandika hapa ni nani?"

Akageuka, akawapungia waimbaji waanze. Baada ya ibada waliniita kwenye chumba cha nyuma, yeye na wazee wawili wa kamati. Kwetu mtu wa kwaya akikosa huwekwa chini. Maana yake hapandi mbele, anakaa na waumini kwa muda atakaopewa, anatubu, kisha anarejeshwa kwa maombi. Nimeona watu wakiwekwa chini kwa ulevi, kwa mimba. Mimi nilipewa miezi mitatu kwa kuchomoa waya. Niliwauliza aliyeiandikia mali ya mtu jina lisilo lake anawekwa chini miezi mingapi. Mzee mmoja akakohoa.

Ndipo mwalimu wa kwaya akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Wewe utakaa chini, dada. Gitaa litaendelea kuhudumu."

Nimesikia maneno mengi Doha. Niliitwa mvivu nikiwa nimesimama saa ya kumi na moja bila maji. Hakuna neno lililonichoma kama lile. Walitaka mkono wangu uliotafuta, miguu yangu iliyopima, bega langu, vyote vikae benchi, na kile vilichokipata kibaki mbele kikipigiwa makofi. Nikashika mkanda wa gitaa langu.

"Basi na gitaa limekosa," nikasema. "Lilikuwepo. Tutakaa chini wote wawili."

Nikalibeba. Yule nesi alikuwa na chumba chake na rafiki zake wawili, hakuna mkaguzi, akanihifadhia. Na kila Ijumaa niliyopata nilikwenda nalo kanisani, nikakaa safu ya tatu, nalo magotini. Sikukosa hata moja. Sifa zilipoanza nilipiga noti zote bila umeme, nikilibana tumboni, nikazisikia mimi peke yangu. Watoto walinitazama. Wakubwa walijifanya hawaoni.

Mbele, yule kaka alipambana na lile jeusi. Kwenye Ijumaa ya nne au ya tano alinijia nje, akijisugua bega.

"Dada, hili dude linaniua. Ulikuwa unafanyaje?"

Nilitamani kumjibu kwamba huduma ni msalaba. Lakini yeye alikuwa mtu wa kubeba sinia wiki nzima, na hakuandika karatasi yoyote. Nikamwonyesha namna ya kupandisha mkanda na pa kuegemeza kiwiko.

Miezi mitatu ikaisha. Wakaniita mbele kurejeshwa. Kanuni ni kwamba unapiga magoti, kamati inakuwekea mikono, unasema maneno ya toba, kwaya inaimba. Nilipanda na gitaa begani. Mwalimu wa kwaya akanyoosha mkono, sasa akitabasamu kweli, labda hata kwa nia njema, sijui, na sikutaka kujua.

"Nipe nikushikie wakati unaombewa."

"Liko sawa hapa."

"Utapigaje magoti nalo?"

Nikapiga. Lilikuwa dogo, halikugusa sakafu, ila lilinizuia kuinama. Basi nikaombewa hivyo, mgongo umenyooka, mikono yote miwili juu ya nyuzi, na maneno ya toba waliyasema wenyewe.