Bonareri na Sabato ya Kugawana

Bonareri hakujua kukaa. Ukimpa kiti anakaa ukingoni, macho mlangoni, mikono inatafuta cha kufanya. Pale soko la Rodi Kopany wenzake walimwita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, na walimcheka: huyu hata akifa atainuka jenezani aulize ndizi zimeuzwa vipi. Naye alicheka nao, lakini moyoni hakukuwa na kicheko. Jamani, mtu atatuliaje, na nyumba anayolala bado ni ya benki?

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, vyumba vitatu, mabati mekundu, kando ya barabara ya Homa Bay. Mumewe Kerosi ndiye aliyepeleka hati ya ploti benki. Alitaka pesa za kumalizia nyumba, na zitakazobaki anunue mashine ya kusaga unga aiweke Migori. Nyumba iliisha vizuri. Mashine ilisaga miezi michache, ikakohoa, ikafa, na fundi akala hata pesa za kuifufua. Tangu hapo deni likawa la Bonareri, maana Kerosi alikuwa shemasi, na shemasi ana mengi ya kuombea.

Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Waliosema hivyo hawakuwa wanalipa riba! Bonareri aliuza ndizi asubuhi na dagaa wa omena jioni, kopo kwa kopo la gorogoro. Kabla hajanunua chumvi alitoa kwanza ya benki, halafu ya duka walikokopa sukari, halafu karo ya binti yao Nyasuguta. Kilichobaki, hata kama ni shilingi ishirini, kilikwenda chamani. Wanawake wa soko walikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake walishika wanawake watatu tofauti, ili asitokee wa kulifungua peke yake. Kila Januari, kabla ya shule kufunguliwa, walilifungua wakagawana.

Mwaka huo mgao wake ulitosha kumaliza deni la benki lote. Na ulikuja wakati wake, kwa sababu benki ilikuwa imechoka na ahadi: Jumatatu saa sita ikifika bila kulipwa, ploti inakwenda kwa dalali.

Kugawana kulipangwa kufanyika Ijumaa. Lakini mwenzao mmoja alikuwa anamzika mumewe Ijumaa hiyo hiyo kule Magunga, na chama hakifungui sanduku mwenzao akiwa matangani. Jumapili wengi wana misa. Jumatatu watoto wanatakiwa shuleni na karo mkononi. Basi wakasema, Jumamosi asubuhi.

Jumamosi! Bonareri na Kerosi ni Wasabato. Siku hiyo hawagusi pesa hata ya kuokota njiani.

Alimkimbilia Emmaculate, mwenyekiti wa chama. "Dada yangu, niwekee yangu. Nitaichukua jua likizama."

"Yawa, nyar Kisii! Sheria si uliitunga wewe?"

Ni kweli, aliitunga yeye. Lynnet, mwuza nyanya, alikuwa na tabia ya kutuma watu wampokelee, halafu anakuja kulalamika kwamba amepunjwa. Siku moja Bonareri alichoka, akasimama akasema: asiyekuja kupokea kwa mkono wake mwenyewe, pesa yake ifungiwe sandukuni mpaka mwezi ujao! Akapigiwa makofi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Nikikuvunjia wewe," Emmaculate akasema kwa huzuni, "Lynnet atanila mzima. Njoo, mama. Njoo tu."

Nyumbani Kerosi alimsikiliza, akafunga macho. "Mama Nyasuguta, Bwana atafungua njia."

"Siku ile unakopa ulimwuliza?"

Kerosi alikwenda kupiga viatu vyake rangi ya Sabato.

Jumamosi Bonareri aliingia kanisani na vazi jeupe, kitabu cha nyimbo kwapani. Mahubiri yalihusu subira. Alijaribu. Mungu ni shahidi, alijaribu kweli! Alibana magoti, akabana vidole ndani ya viatu, akasoma wimbo ule ule bila kuuona. Aliogopa dhambi, tena sana, alilelewa kuiogopa. Lakini aliona pia vitanda vyake vimetupwa kando ya barabara, na Nyasuguta akirudi likizo kwenye mlango wenye kufuli ya mtu mwingine. Mhubiri alipoomba watu wainamishe vichwa, Bonareri aliinuka akatoka.

Sokoni walikuwa wameshafungua kufuli mbili. Lynnet alimwona kwanza. "Haya, leo Sabato imehamia huku?"

"Nyamaza, Lynnet. Leo usinichokoze."

Lynnet alimtazama usoni, akamsogezea nafasi kwenye benchi. Jina lake liliposomwa Bonareri alinyoosha mikono yote miwili. Hakuhesabu kitu, alizifunga pesa kwenye leso, akalia pale pale mbele ya watu, na Emmaculate akamshika bega.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni mwa benki Homa Bay. Alilipa. Baada ya wiki kadhaa akaitwa kuchukua hati, na madeni ya duka nayo akayamaliza kidogo kidogo.

Lakini habari za mwenye vazi jeupe sokoni zilikuwa zimefika kanisani kabla yake. Wazee walikaa kikao. Mzee Omanga, kiongozi wao, akamwambia kwa upole kwamba atakaa benchi la nyuma kwa muda, asiimbe kwaya, asitoe ushuhuda. Kerosi alikuwepo kwenye kikao hicho. Alitazama chini.

Sabato iliyofuata kurudi kwa hati, Kerosi alisimama mbele, uso unang'aa. "Ndugu zangu, Bwana ametulipia deni! Nyumba ni yetu!"

"Amina!" kanisa likaitika.

Huko nyuma Bonareri alingoja aongeze neno moja tu. Kerosi aliongeza mengi, juu ya imani na maombi yake ya alfajiri, na jina la mkewe halikuwemo. Hasira ilimpanda Bonareri mpaka masikio yakawaka. Kusema alikuwa amekatazwa. Aliinuka akatoka, na wengine wakageuka kutazama kama anaelekea tena sokoni.

Alikwenda nyumbani. Aliingia, akasukuma komeo, akavua viatu, akajilaza kitandani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Miguu ikatulia. Akalala fofofo.

Kerosi alifika na Mzee Omanga, mgeni wake wa chakula cha shukrani. Akasukuma mlango, haukufunguka. Akagonga, akagonga tena.

"Mama Nyasuguta! Fungua, nina mgeni."

Sauti nzito ya usingizi ikatoka ndani. "Baba Nyasuguta, leo si ni Sabato?"

"Ni Sabato, ndiyo."

"Basi niacheni nipumzike. Nyumba nimemaliza kuilipa juzi juzi tu."

Mzee Omanga alimgeukia Kerosi, akamtazama kwa muda mrefu. Ndani, kitanda kililia kidogo, Bonareri akigeukia ukutani.