Mtoto Aliyetemwa na Jedwali

Programu yangu ya kwanza niliiandikia kliniki moja ya mama na mtoto, nje kidogo ya Mbalizi, nikiwa bado chuoni. Kila mtoto alipoletwa kupimwa, nesi alimwandikia mstari mmoja kwenye jedwali lililofunguliwa asubuhi katika kumbukumbu ya kompyuta na kuhifadhiwa jioni. Miaka ikapita, nikahamia Kihesa, Iringa, nikaisahau.

Siku moja nesi mkuu akanipigia.

"Mwanangu, kompyuta imemkataa mtoto."

"Imemkataaje, mama?"

"Nikimwandika, yanatokea maneno mekundu, inamtema."

Nikadhani kumbukumbu imejaa. Kesho yake nilisafiri na kipande kipya cha kumbukumbu kwenye mkoba, nikakifunga ndani ya kompyuta, tukajaribu. Mtoto akatemwa tena. Mama yake, aliyeambiwa jana arudi leo, alimvuta mtoto karibu na sweta lake.

"Kwani mwanangu ana kosa gani?"

Nikajaribu kumwandika mara nyingine.

Aliyeliona kosa ni nesi. "Angalia," alisema, "kila mara inagomea palepale. Mstari wa mwisho ni 32,767."

Nilihisi uso unanichoma. Namba hiyo tulifundishwa darasani: ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kukaa katika aina ya namba niliyoichagulia safu ya kwanza, ile inayohesabu mistari. Kumbukumbu ilikuwa tele. Nafasi ya namba ndiyo iliyojaa. Nilikuwa nimeibana kwa makusudi ili kuokoa kumbukumbu, nikijiona fundi, nikiamini kliniki ndogo kama ile haitafika huko.

Nilijaribu kubadilisha aina ya ile safu, ikakataa, kwa sababu jedwali lilishakuwa na mistari ndani. Ikabidi nitengeneze jedwali jipya tupu, safu yake ikiwa pana zaidi, kisha ninakili mistari yote ya zamani. Nesi alisoma majina ya hapa na pale kutoka kwenye kaunta buku la kliniki, mimi nikahakikisha kwenye skrini kwamba yapo, na kwamba idadi ya mistari ni ileile, hakuna aliyepotea njiani. Ndipo tukamwandika yule mtoto.

"Ameingia?" mama yake akauliza.

"Ameingia. Na kosa halikuwa lake, dada. Lilikuwa langu."

Nesi alinitazama juu ya miwani. "Ulidhani huku hatuzai?"

Kina mama kwenye benchi wakaangua kicheko. Mimi nilivuta kiti, nikakaa pembeni yao mpaka foleni ikaisha, nikiwatazama watoto wakipandishwa kwenye mizani mmoja mmoja. Sikuwahi kufanya hivyo kabla ya kuandika ile programu.