Nyimbo Kumi na Mbili za Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa gitaa. Mkuu wa kikundi chetu cha taarabu pale Kilindoni alinikalisha nyuma, akaniambia, "Wewe wa kijijini Kiegeani, kwanza sikio." Miezi mitatu nikawa wa kusikiliza na kubeba spika. Ndivyo tulivyofunzwa sisi: wimbo unauweka kichwani, vidole vinaufuata. Nilipiga hivyo zaidi ya miaka thelathini, kikundini, kisha kwenye hoteli za Utende.

Nota nimeanza kuzisoma uzeeni. Mkuu alishikwa na maradhi ya koo, naye alikuwa na nyimbo kumi na mbili ambazo hajamfundisha mtu. Nikamwambia tumrekodi kwa simu. Akakataa katakata.

"Nikishazikwa, sitaki sauti yangu ibaki huku juu inaimba. Wewe andika."

Nikaenda kwa mwalimu wa muziki, kijana aliyehamia kutoka Dar. Alinichorea mistari mitano. Uzi mwembamba ukiachwa wazi, nota yake inakaa nafasi ya juu; uzi mnene unashuka chini kabisa, chini ya vimistari vitatu vya nyongeza. Wiki tatu macho yaliniuma, lakini nikajua kila kichwa cha nota kinakaa wapi na kidole changu kiende wapi.

"Sasa mapigo, mzee," akasema. "Kichwa cheupe, cheusi, kijiti, kibendera: hivyo ndivyo vinavyokwambia sauti ukae nayo muda gani."

"Mapigo unifundishe mimi? Mimi niliyecheza ngoma kabla sijaota meno? Hebu!"

Akacheka kwa adabu. Sikurudi tena. Ujeuri ule, Mungu anisamehe.

Mkuu akawa ananiimbia kwa sauti iliyokwaruza, wimbo mmoja kwa siku, akipumzika kila baada ya ubeti. Niliandika vichwa tu, vyeusi vitupu, kimoja baada ya kingine. Na kwa kuwa nimeandika, sikuhangaika kuzikariri. Mimi, mtu wa sikio! Siku ya kumi na mbili aliniambia, "Huu wa mwisho ni wa mke wangu. Hajausikia bado." Wiki haikuisha, tukamzika.

Mjane wake alikaa eda, miezi minne na siku kumi, na kwenye nyumba yenye eda hapapigwi muziki. Ilipokwisha akaniita. "Shemeji, nipigie wangu."

Nikafungua karatasi nyumbani, nikashika gitaa. Sauti zote zilikuwapo. Ipi ndefu, ipi fupi, wapi pa kutua, hakuna. Nikazipeleka kwa mwalimu. Alizipekua zote, kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole, mzee. Hapa hata mimi sina la kufanya."

Nikaenda hivyo hivyo. Nikampigia mjane kwa kubahatisha, nikivuta hapa, nikikata pale. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Ahsante, shemeji. Lakini huyo siye mume wangu."

Huko ndiko kustaafu kwangu, bila barua wala chai ya kuagwa. Nyinyi vijana mnaokuja kujifunza gitaa kwangu mnanung'unika kwamba nawahesabisha moja, mbili, tatu, nne wiki nzima kabla ya kushika nyuzi. Nung'unikeni. Nyimbo za Mkuu ziliuawa na mimi, si na maradhi yake.