Samaki aliyeamka ndani ya chombo cha maziwa cha mama mkwe

Wakuu, hamjambo humu ndani? Nimeona uzi wa yule member aliyeweka picha za wanyama wapya waliogunduliwa. Nikacheka, halafu aibu yangu ya zamani ikanirudia.

Mimi ni mzee wa Garsen, nimepita themanini. Hii si chai. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo. Mimi ni Muorma, mtoto wa wafugaji. Nilikuwa nimeposa binti anaitwa Hawa, na wazazi wake wameshanikubali.

Nyinyi wa siku hizi mnakula kila kitu. Sisi wakati ule samaki hatuli, hatugusi, na harufu yake haiingii nyumbani. Wapokomo wa mtoni walikula, sisi tukawacheka.

Akaja mzungu anatafuta wanyama ambao science haijawajua. Akanichukua nimbebee mizigo.

Kiangazi hicho tukafika Idsowe. Mkulima mmoja wa Kipokomo akatuchimbulia bonge la udongo kwenye shamba lililokauka. Lina kitundu, na ukitega sikio unasikia kitu kinapumua ndani.

Mzungu nusura apige magoti. Akasema huyu ni mnyama mpya, nitangulie naye Garsen na nihakikishe hafi.

Nami nikawaza, kinachopumua ndani ya udongo mkavu kitakuwa samaki kweli? Nikamweka kwenye ukoo wa kobe. Kumbe ndiye mnayemwita kamongo siku hizi, samaki anayelala ndani ya udongo kiangazi. Yule mkulima alikuwa anacheka, lakini sikumuuliza anacheka nini. Ujana ni moshi, wakuu.

Njiani jua kali, bonge likaanza kupasuka. Boma la wakwe lilikuwa karibu, nikaingia kuomba maji na chombo.

Mama mkwe, kwa kunistahi, akanipa chombo chake cha maziwa, kile cha kusukwa kinachofukizwa moshi. Nikatia maji, nikatumbukiza bonge, nikafunika. Kisha nikaketi na baba mkwe kunywa chai, najisifu kuhusu kazi yangu na mzungu.

Udongo ukalowa. Kitu kikaamka na kukoroma kama mtoto mwenye mafua. Mama mkwe akafunua kifuniko.

Mapezi, mkia, na ile harufu.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alimmwaga mchangani, akakitupa chombo motoni, Hawa amesimama nyuma yake anatazama.

Baba mkwe akaniuliza polepole, "Kijana, binti yangu akija kwako, maziwa atatia wapi?"

Nikaondoka bila kuaga, na kwa mzungu sikurudi. Posa ikavunjika, Hawa akaolewa Madogo. Nimeoa, nimezika, nimeitwa babu, lakini nikipita penye samaki wa kukaanga bado natazama chini.

Juzi, msibani Tarasaa, nikakutana na Hawa. Bibi kizee sasa. Nilitaka kujificha, lakini akanisalimia vizuri, akauliza jambo moja tu.

"Yule mnyama alipona?"

Wakuu, nilikosa pa kuweka uso. Miaka yote nimejihurumia mimi, na yule kiumbe nilimwacha juani bila hata kugeuka.

Funzo langu ni kwamba mwenye aibu hujiona yeye tu, asiwaone wengine.

Hawa bado sijamjibu. Nyinyi mngemwambia nini? Semeni, hata wa kunicheka nitawasoma.