Gelasius Alivyojitoa Shikome

Gelasius wa Didia hakuwa Mwingereza, ila mtu angeweza kukosea. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulipofungwa alirudi nyumbani na redio ya mbao, aproni nyeupe, na maoni. Redio iliishiwa betri mara kwa mara. Maoni hayakuishiwa.

Kule mgodini alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, na miaka ile yote ya kupaka siagi kwenye mikate ya watu ilimfanya aone mambo ya Uingereza ni ya kwao. Mkewe Generoza, ambaye watu walimwita Mama Justina kwa jina la binti yao mkubwa, hakuona ubaya. Mume mwenye maoni si mzigo, ilimradi ayapeleke nje. Naye Gelasius aliyapeleka nje. Kila jioni wanaume wa nyumba za jirani walikaa shikome, kwenye moto wa pamoja uani kwa mzee Maige, na kila mke alipeleka chakula cha mumewe pale. Wakala pamoja, ugali wa huyu, mlenda wa yule, na siku ya bahati kuku wa mwingine. Wanawake nao walibaki jikoni na watoto, wakapumua.

Basi mwaka wa sabini na tano redio ya London ikaja na habari ya Soko la Pamoja la Ulaya, ushirika wa biashara wa nchi za huko. Waingereza walikwisha kuingia, sasa wanaulizwa wabaki au watoke. Palikuwa na mbunge mmoja mzee, wa chama cha wahafidhina, ambaye mtangazaji alipenda kuyatafsiri maneno yake. Mbunge huyo alisema mtu mzima hapangiwi na majirani bei ya siagi. Alisema Bunge la mababu haliwezi kuomba ruhusa ng'ambo ya maji. Tena akauliza, ndugu zao wa New Zealand waliowaletea siagi kwa uaminifu, leo watupwe?

Gelasius alijipiga paja. Tangu siku hiyo hakumwita mbunge yule kwa jina, alimwita "Mheshimiwa wangu."

Generoza aliuliza soko lenyewe huwa siku gani. Gelasius akafikiri kidogo, akajibu kwamba ni Jumanne.

Yangeishia hapo lisingekuwa neno. Lakini jioni moja Generoza alipeleka shikome kuku wa kuchoma, na wenzake wakapeleka mlenda, na mkono wa mzee Maige ukafika kwenye paja la kuku kabla ya mkono wa mwenye kuku. Gelasius akasimama. Akawatangazia wenzake kwamba hilo ndilo soko la pamoja analolikataa Mheshimiwa wake, mmoja analeta siagi na wengine wanaleta midomo. Akachukua kigoda chake akaenda zake.

Wanaume walicheka mpaka mlenda ukapoa. Aliyelia ni Generoza, maana mtu aliyejitoa shikome anakula wapi? Jikoni. Na huyu alikuwa mpishi. Aliketi karibu na mafiga akisema moto ni mkubwa, akisema vitunguu vimekatwa kama kuni, akifunua chungu kila kilipotulia. Mabinti wakaacha kupiga soga. Jirani akija kuazima chumvi alimwamkia, "Shikamoo, Mheshimiwa," na Gelasius aliitikia marahaba kwa sauti nzito, hakujua anataniwa.

Generoza angeyavumilia hata hayo. Tatizo lilikuwa Justina. Alikwisha kuchumbiwa na kijana wa Kagongwa, na wakwe walituma habari kwamba pamba ikishavunwa watakuja kuzungumza mahari. Na baba wa binti hazungumzi mahari mwenyewe. Wanaomsemea ni wale anaokula nao.

Gelasius alikwenda kwa mzee Maige kwa heshima zote, akaomba wenzake waje wakae upande wake siku hiyo. Mzee Maige alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Justina," alisema, "sisi kwako sasa ni nchi za nje. Tukija kusema nyumbani kwako si tutakuwa tunaingilia mamlaka yako?"

Gelasius alirudi akasema vizuri, atajisemea mwenyewe mbele ya wakwe. Hapo ndipo Generoza alipoingiwa na hofu. Alimjua mumewe. Angeanza na siagi, angepita Bungeni, na akifika kwenye ng'ombe wakwe wangekuwa wamelala au wameondoka, na binti yake ameachwa kwenye mataa.

Pamba ilikuwa imeanza kuvunwa redio iliposema Waingereza wamepiga kura, na walio wengi wametaka kubaki. Gelasius alishika tama kama mfiwa. Mtangazaji akaongeza kwamba yule mbunge mzee ameukubali uamuzi wa wananchi, ila ataendelea kupinga akiwa ndani humohumo.

Generoza aliyasikia hayo akiwa anasonga ugali. Alipakua, akajitwisha, akatoka. Aliporudi mikono mitupu alimkuta mumewe ameshanawa, anangoja.

"Chakula changu kiko wapi, Mama Justina?"

"Kimetangulia."

"Kimetangulia wapi?"

"Sokoni," alisema Generoza, akafunika chungu kitupu. "Leo si Jumanne?"

Gelasius alikitazama chungu, akaitazama njia ya kwa Maige. Njaa haina chama. Akabeba kigoda.

Kule walimpisha, na mzee Maige akauliza kura zimesemaje.

"Nimebaki," alisema Gelasius. "Lakini napinga."

"Pinga, ndugu yangu. Nawa kwanza."

Wakwe walipofika, mzee Maige na wenzake ndio waliosema, ng'ombe wakajadiliwa kwa heshima, na Justina akaolewa Kagongwa. Gelasius siku hiyo aliruhusiwa kukaribisha tu, akakaribisha kwa ufupi, maana Generoza alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

Mpaka uzeeni hakuacha kupinga. Kila jioni aliketi shikome ameupa moto ubavu, kigoda kimegeukia pembeni, kusudi watu wajue msimamo wake. Ila nyama ilipoletwa, kigoda kiligeuka chenyewe.