Nilivyowachekesha Watu kwa Sufuria ya Kaka Yangu

Kosa ni langu, sisingizii pombe wala shetani. Jina silitaji, maana Musoma tunajuana. Lakini nikiendelea kulificha hili litanimaliza, kwa hiyo nisikilizeni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni, vitu vikaanza kuingia, na video nazo zikaingia. Hapa Buhare mtu mmoja alijenga banda la mabati, akaweka televisheni, deki na jenereta. Filamu zenyewe Kiingereza kitupu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, basi nikawa mkalimani. Nasimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, natafsiri na kuongeza chumvi. Jamani, watu walikuwa wanakuja kwa ajili yangu! Sifa zikanilewesha.

Wazazi wetu walikufa nikiwa mdogo. Kaka aliporudi kutoka vita ya Kagera akaacha jeshi akiwa sajenti, akanilea na kunisomesha kwa samaki aliowavua kule upande wa Nyegina. Yeye ndiye baba niliyemjua.

Kila mvua za kwanza zikianza, kaka alikuwa anabeba jembe lake kwenda Bunda kumlimia mama mmoja mjane. Nilimwuliza sababu miaka mingi, hakunijibu. Siku moja tukishona nyavu akaniambia, machozi yanamtoka. Mama yule alikuwa na mtoto mmoja tu, Masatu, askari wa chini yake vitani. Walipohama kambi walisahau sufuria, na kaka akamwamuru Masatu arudi kuichukua. Akakanyaga bomu. Mama yake aliamini amekufa akipigana, na kaka hakuwahi kumwambia vingine.

"Mwaka huu namwambia, mura," kaka akasema. "Nimekuwaga mwoga sana. Mvua zikianza tu, kabla sijagusa jembe, namwambia kwa mdomo wangu. Wewe tunza mdomo."

Niliapa! Niliapa kwa kaburi la mama yetu!

Jumapili moja baada ya misa, banda likaonyesha filamu ya kuwadhihaki wakubwa wa majeshi ya siku hizi. Jenerali ana nishani mpaka kiunoni, vita anaiongoza akiwa hemani na kikombe cha chai. Jeshi linakimbia, yeye anakumbuka kiti chake, anamrudisha askari akakilete huku risasi zinamiminika. Askari anarudi nacho anachechemea, na jenerali anakivisha kiti nishani! Watu walivunjika mbavu. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi alipiga benchi, "Ndivyo walivyo! Ndivyo walivyo hawa!" Mama mmoja muuza dagaa, peke yake, ndiye aliyesema, "Maskini, mtoto wa watu." Wakamzomea.

Na mimi nilitaka wacheke zaidi. Nikaikwaruza sauti kama ya kaka, nikasema: "We! Rudi kachukue sufuria!"

Watu wakaanguka chini! Wakadai mkanda urudishwe nyuma niseme tena. Nikasema tena, na tena. Mtu mmoja akainuka benchi la nyuma, akatoka ameinama asiwazibe wenzake. Sikumjali.

Laiti ningekoma hapo! Filamu ilipoisha wakanizunguka mlangoni, "Hiyo ya sufuria umeitoa wapi?" Nikasimulia. Yote! Kaka, vita, jina la Masatu, mpaka mama yake wa Bunda. Na katikati yao alikuwepo mchuuzi wa samaki, soko lake ni Bunda.

Nyumbani nilimkuta kaka amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, bado amevaa shati la kanisani.

"Nilikuja kukuona unavyosifiwa," akasema. "Unajua kutafsiri, mura."

Ningemwambia saa ileile kwamba nimesimulia na mlangoni, angekwenda Bunda kesho yake akawahi. Nikanyamaza kwa aibu. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote.

Mvua zikaanza wiki tatu baadaye. Akaniambia twende wote Bunda. Tulimkuta mama yake Masatu amekaa mlangoni, na shamba limeshalimwa na watu wengine. Kaka akamwamkia, akaweka jembe chini, akaanza, "Mama, nina neno..."

"Ile ya sufuria ni kweli?"

"Kweli, mama."

"Ndani mlikuwa na nini?"

Kaka akaangalia chini. "Ilikuwa tupu."

Mama hakulia. Akasema polepole, "Mvua zote hizo nakupikiaga ugali, unakula, unanawa, unaenda. Ungeniambia wewe ningelia na wewe. Ningekusamehe, mwanangu. Lakini nimeambiwa sokoni, na watu wanacheka. Nendeni."

Njiani kaka hakunigombeza. Heri angenipiga! Alisema tu, "Nilikuwa nimebakiza kufungua mdomo."

Hakushika jembe tena. Kule ziwani wavuvi wenzake wakawa wanamwita Jenerali Sufuria, akaacha na kuvua. Homa ikamkuta amekata tamaa. Tulimzika kabla ya Pasaka.

Nilimpelekea mama yule jembe la kaka. Akalipokea kwa mikono miwili, akaniuliza, "Wewe ndiye mchekeshaji?" Nikasema ndimi. Akaingia ndani na jembe, akafunga mlango.

Ndugu zangu, maji yakimwagika hayazoleki. Mtu akikuonyesha kidonda chake, usikifanye mchezo, hata banda zima likupigie makofi. Na kama umeshateleza, kimbia ukamwambie leo, usingoje mvua! Makofi ya siku ile bado nayasikia, na namwona kaka yangu anatoka ameinama, asiwazibe watu waliokuwa wanamcheka.